Kutoka Kamakis Kuitafuta Theluji

Mama alimaliza eda yake katikati ya Novemba. Miezi minne na siku kumi alikaa nyumbani kwake Mombasa, akipokea wageni, akisoma, akimkumbuka marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Siku ya kwanza alipotoka alikwenda kwa jirani tu, akarudi. Siku ya pili aliniita akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia: "Mwanangu, theluji ikoje hasa?"

Nilidhani ameona kitu kwenye televisheni. Kumbe sivyo. Mama amewasomesha wasichana wa mtaa wetu madrasa kwa zaidi ya miaka thelathini, na miongoni mwa aliyowahifadhisha ni dua ya maiti, ile isomwayo katika sala ya jeneza baada ya takbira ya tatu. Humo marehemu huombewa aoshwe kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Maji anayajua. Mvua ya mawe amesimuliwa na watu wa bara. Theluji ameitamka umri wake wote, akaitamka tena usiku ule baba alipozikwa, wala hajapata kuiona. "Nimemwombea baba yenu kitu nisichokijua," alisema, akacheka kidogo.

Ndivyo safari yetu ya likizo ya Desemba ilivyoanza, na naiandika kwa sababu najua nyumba nyingi huku pwani hujiuliza swali lilo hilo kila mwisho wa mwaka: twende wapi penye baridi, mji mdogo wenye kupendeza, watoto wavae masweta angalau mara moja, na wazee nao wapate raha yao?

Binti yangu wa miaka kumi na minne alikuwa na jibu tayari. Alinionyesha picha za Hallstatt, kule Austria, kijiji kilichobanwa baina ya ziwa na mlima, nyumba za mbao, taa za manjano, na theluji juu ya kila paa. Sikumlaumu, ni mahali pazuri. Lakini ada ya visa ya Schengen peke yake ni yuro 90 kwa mtu mzima, na hairudishwi hata ukinyimwa, kabla hujagusa tikiti ya ndege. Binamu yangu aliyeko Toronto ndiye aliyelifunga shauri. Alisema kwamba huko Desemba magharibi huingia kabla ya saa kumi na moja, njia za miguu huteleza kama sabuni, na wanaoanguka na kuvunjika nyonga ni wazee. Mama ana magoti mabovu na shinikizo la damu. Mtu mwingine akataja Dubai, ambako tangu 2005 kuna theluji ndani ya jumba la maduka. Mama alikataa kabla maneno hayajaisha. Theluji ya mashine, alisema, hakuiombea mtu.

Nami nikakumbuka kwamba watu wa pwani hatuhitaji kuvuka bahari. Wazungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Afrika Mashariki walikuwa wakikaa Rabai, jirani zetu kabisa. Rebmann aliiona ya Kilimanjaro mwezi wa Mei 1848, na Krapf aliuona Mlima Kenya kutoka Ukambani tarehe 3 Desemba 1849. Huko Ulaya wako wataalamu waliowacheka: theluji chini ya ikweta, wapi na wapi! Lakini ninalolipenda zaidi katika kisa hicho ni la kiongozi wa msafara wa Rebmann, Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia za bara. Alipoulizwa weupe ule juu ya mlima ni nini, alijibu kwamba ni baridi. Jina lingine hakuwa nalo.

Tuliufuata basi mlima wa Krapf. Kwa nini hatukuufuata wa Rebmann? Moshi ni karibu nasi, na Kilimanjaro ni mkubwa zaidi, mita 5,895. Lakini mji wa Moshi wenyewe uko chini na una joto. Utaitazama theluji huku unajipepea. Lushoto ina baridi nzuri na barabara ya kupendeza, ila theluji haina. Sisi tulitaka vyote viwili: baridi ya kuvaa sweta, na weupe wa kuuona kwa macho.

Ndipo Kamakis ikaingia. Mdogo wangu amepanga nyumba huko, upande wa Ruiru, karibu na mahali Eastern Bypass inapokutana na barabara ya Thika. Kwa msafiri wa pwani mahali hapo ni mlango. Ukishuka treni Syokimau huna haja ya kuingia katikati ya Nairobi na misongamano yake. Unashika barabara ya Mombasa kidogo, unakata Cabanas, unapita Utawala, na muda si mrefu uko Kamakis. Kutoka hapo barabara ya Thika inakuchukua moja kwa moja hadi nchi za mlima.

Nitasema kweli kuhusu Kamakis: usiku sikupapenda, asubuhi nilipapenda. Jioni barabara ile hujaa moshi wa nyama choma pande zote mbili, magari yameegeshwa hadi kwenye mitaro, na Ijumaa na Jumamosi muziki hauishi mpaka usiku wa manane. Nyama huchomwa vizuri, harufu yake nisiikane. Lakini pengi meza ya nyama ndiyo meza ya pombe, na familia yenye watoto na mama aliyetoka eda jana haina la kukaa hapo. Mdogo wangu hununua nyama kwa muuzaji anayemjua na ambaye machinjo yake anayajua, na tukachoma wenyewe juu ya paa la nyumba. Ukiwa mgeni, uliza bila haya nani amechinja na wapi. Hakuna aliyenijibu vibaya kwa swali hilo.

Asubuhi mambo hubadilika. Ruiru iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na mtu wa Mombasa anapofungua dirisha alfajiri ya Desemba hupokewa na hewa inayopenya mifupa. Mama alivaa sweta mbili na shuka juu ya buibui. Mdogo wangu akatuambia kwamba siku mawingu yanapokuwa mbali, ukipanda juu ya paa baada ya alfajiri ukaelekea kibla, Mlima Kenya uko mbele yako, kidogo tu upande wa kulia. Sikumwamini, kwa kuwa ni zaidi ya kilomita 100. Asubuhi ya tatu nilipanda na binti yangu, na kweli, mbali kule kwenye ukingo wa anga palikuwa na jino dogo la kijivu. Haikupita nusu saa likatoweka. Mama hakuliona. Ghorofa nne bila lifti, na magoti yale. Alibaki chini akituuliza tumeona nini. Binti yangu alijaribu kumchorea kwenye karatasi. Hapo niliamua kwamba tutasogea karibu, hata kwa siku mbili tu.

Shauri la mji lilifanyika hapo hapo Kamakis, juu ya chai ya tangawizi. Limuru ilikuwa karibu kuliko yote, ina mashamba ya chai na ukungu, na iko zaidi ya mita 2,200. Lakini jambo ambalo watu wa pwani hulisahau ni kwamba majira ya baridi ya bara ni Juni hadi Agosti. Desemba mchana hupiga jua. Baridi ni ya usiku na alfajiri. Ukiutaka ukungu wa Limuru, nenda Julai. Nyahururu ina maporomoko ya Thomson, ya mita 74, na ndiyo nchi ambayo Septemba 2008 watu waliamka wakakuta uwanda umefunikwa weupe, wakasema theluji imeshuka. Ilikuwa mvua ya mawe iliyogandamana. Mama alikipenda kisa hicho kwa sababu kilimpa la pili katika yale matatu ya dua, ila mvua ya namna ile haiji kwa miadi.

Ikabaki Nanyuki na Naro Moru. Nanyuki ni mji kamili: una masoko, maduka makubwa, una Waislamu wake na msikiti wake, na mstari wa ikweta unapita pembeni mwake, jambo linalowafurahisha watoto. Tuliitaka Nanyuki. Tulimtumia mwenye nyumba mmoja arubuni kwa simu, na siku mbili kabla ya safari akatuambia nyumba ameshawapa wengine waliolipa zaidi. Pesa zilirudi nusu. Tangu siku hiyo ushauri wangu ni huu: usitume arubuni kabla mwenye nyumba hajakuonyesha vyumba kwa simu ya video, na ukiweza, safiri kabla ya tarehe 20. Kuanzia hapo watu wa Nairobi hurudi kwao bara, nauli hupanda, na kila chumba huwa na bei ya sikukuu.

Kwa hiyo tulikwenda Naro Moru kwa kulazimika, na nashukuru. Kutoka Kamakis ni kama kilomita 150. Unapita Juja na Thika, unafika Kenol, na kuanzia hapo barabara imepanuliwa hadi Marua, kilomita 84 za njia pana kupitia Sagana na Karatina. Njiani kuna wanaouza mchele wa Mwea kwa magunia madogo. Tulinunua wa pilau. Karatina tulinunua viazi, kabichi na maparachichi kwa bei ambayo shemeji yangu aliitaja mara tatu garini. Baada ya Kiganjo nchi inafunguka, miti inapungua, na upepo unabadilika harufu.

Naro Moru ni mji mdogo, wa mtaa mmoja mkubwa, maduka ya mabati, bodaboda, na wanaume waliovaa makoti mchana. Mwenye kutafuta mapambo hatayapata. Tulipanga nyumba ndogo nje kidogo ya mji, yenye jiko letu wenyewe, na hilo ndilo sharti la kwanza ninalompa kila mama anayeniuliza. Ukiwa na jiko lako, habari ya chakula cha halali haikusumbui, wala huwi mtumwa wa saa za hoteli. Sharti la pili ni maji ya moto ya kutawadhia. Usikubali kuambiwa tu kwamba yapo. Uliza yanachemshwa kwa nini, na kama yanafika saa kumi na moja alfajiri. Mama alibeba khofu zake za ngozi, na msafiri ana ruhusa ya kupaka juu yake siku tatu na nyuchiku zake kwa masharti yanayojulikana. Asiyeyajua amuulize sheikh wake kabla ya safari, si baada yake. Ruhusa ya kukusanya na kufupisha sala pia ilitufaa sana njiani.

La tatu nalisema kwa msisitizo, kwa maana watu wa pwani hatujazoea kulala na moto. Msiingize jiko la makaa chumbani mkafunga madirisha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu husinzia na asiamke. Kila mwaka huko bara familia hupotea kwa njia hiyo. Pale penye meko ya kuni yenye bomba la kutoa moshi, sawa, na uzimwe kabla ya kulala. Sisi tulimpa mama chupa ya mpira iliyojazwa maji ya moto, tukaifunga kwa kanga, akalala nayo miguuni. Asubuhi alisema hajalala vizuri namna ile tangu Juni.

Asubuhi ya kwanza mlima haukuonekana. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye miti. Binti yangu alinuna. Mtu wa hapo aliyetuletea maziwa akatuambia kwamba mlima ni wa wanaoamka mapema: kabla ya saa tatu asubuhi uko, baada yake mara nyingi hujifunika hadi jioni. Akasema pia kwamba mvua za vuli ndizo zinazoufanya kuwa mweupe. Wakati wa kiangazi kikali utaona zaidi mawe meusi. Wakikuyu huuita Kirinyaga, na wazee wao tangu zamani huelekea huko kwa heshima. Siku ile tulikwenda kwa gari hadi lango la mbuga, kama mita 2,400 juu, tukatembea kidogo chini ya mianzi na kurudi. Kwenda juu zaidi na mtu mwenye shinikizo la damu ni kumtafutia maradhi. Theluji yenyewe ya kukanyaga iko juu sana, kwa wapanda mlima wenye miguu na mapafu. Familia iende ikijua hivyo, isije ikamwahidi mtoto kwamba atafinyanga theluji kwa mikono.

Usiku ule niliwasimulia watoto habari za Mackinder, Mwingereza aliyefika kilele cha Batian, mita 5,199, mwezi wa Septemba 1899. Vitabu humtaja yeye na wenzake wa Ulaya. Lakini katika msafara ule wa watu wapatao 170, zaidi ya 60 walikuwa Waswahili, waliobeba mizigo kutoka joto la pwani hadi baridi ile, na wako ambao hawakurudi. Mwanangu mdogo aliuliza majina yao. Sikuwa nayo. Mama akasema, "Basi waombeeni bila majina."

Asubuhi ya pili niliamshwa na kimya. Upepo ulikuwa umekufa. Tulisali alfajiri ndani, kisha mama akataka kiti kibarazani, kama ilivyo desturi yake ya kukaa na tasbihi mpaka jua lichomoze. Tulimfunga mablanketi mawili. Upande wa mashariki palianza kuonekana kivuli kikubwa cheusi, chenye meno juu yake, na jua likitafuta njia nyuma yake. Hakuna aliyesema kitu. Mama aliendelea kuvuta tasbihi.

Jua lilipopanda kwa upande wa kusini wa mlima, mama alisimama kusali dhuha, akaketi kitini mwake pale magoti yalipokataa. Kutoka Naro Moru, ukielekea kibla, mlima uko kuliani kwako kabisa. Mama alisali rakaa zake bila haraka. Alipotoa salamu ya kulia, akanyamaza. Ile ya kushoto ilichelewa kidogo.

Nuru ilikuwa imefika juu. Kati ya mawe meusi palikuwa na weupe, michirizi miwili mitatu na vibaka, safi kama chokaa mpya. Nilimsogelea nikidhani atalia. Mama aliutazama kwa muda, akasema, "Ndiyo hiyo? Mbona chache?"

Nilimweleza niliyoyajua. Zaidi ya miaka mia iliyopita walihesabu mito ya barafu 18 juu ya mlima ule; mingi imekwisha, na hata ule uitwao Lewis, uliokuwa mkubwa kuliko yote, umebaki kipande tu, na wataalamu wanasema iliyobaki haina miaka mingi. Barafu ni ile ya kale iliyolala. Theluji ni hii inayoanguka usiku na kuyeyuka, na labda itaendelea kuanguka. Binti yangu, ambaye siku zote alitaka mapaa meupe ya Austria, aliuliza kama watoto wake watakuja kuona chochote hapa. Nilimwambia aulize mwalimu wake wa jiografia. Halikuwa jibu zuri.

Mama alikuwa amefunga macho na kuinua mikono. Midomo yake ilikuwa ikitembea, na nilipoyasikia maneno nikayajua, kwa kuwa ni yeye aliyenifundisha. Alipofika mahali pa theluji alifungua macho akaangalia, kisha akaendelea.

Saa mbili na nusu wingu la kwanza lilitoka upande wa msitu, na kabla ya chai kwisha mlima ulikuwa umefunikwa. Tulifungasha. Mama aliuliza kama tutapita tena Karatina, maana viazi vile vya bei nafuu alitaka kuwapelekea majirani Mombasa, na kama mdogo wangu anaweza kumtafutia Kamakis nyumba ya chini, isiyo na ngazi, kwa Desemba ijayo inshallah.